Nani Atamwagilia Miche Mwezi Agosti?

Mwanasayansi Jane Goodall alipofariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, habari nyingi zilizoandikwa juu yake zilirudi Gombe, mkoani Kigoma, alikofika mwezi Julai 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Ilikuwa haki kumkumbuka hivyo. Lakini kwa mzazi, mwalimu na mwamini wa parokia, huenda jambo lililo karibu zaidi na maisha yetu ni lile lililotokea barazani kwake jijini Dar es Salaam mwaka 1991. Wanafunzi 12 wa shule za sekondari walikusanyika hapo wakiwa na manung'uniko: baruti zilizokuwa zikiua samaki na kubomoa matumbawe ya pwani, ujangili ndani ya hifadhi, watoto waliokuwa wakilala mitaani. Kutokana na mazungumzo hayo wakaunda vikundi katika shule zao, na vikundi hivyo ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa Roots & Shoots, jina lenye maana ya mizizi na machipukizi. Leo vuguvugu hilo limeenea katika nchi zaidi ya 60.

Kanuni yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Wanafunzi wenyewe huuchunguza mtaa wao, hutambua tatizo linalowagusa watu, wanyama au mazingira, kisha huamua wao la kufanya. Mtu mzima hukaa kando kama mlezi. Anayejua shule zetu zinavyoendeshwa ataona mara moja ugumu ulipo: katika sentensi hiyo, mwalimu mkuu hana amri ya kutoa.

Tunaandika haya katika kipindi ambacho vikundi vya wanafunzi vinavyoshughulikia chakula, maji na utunzaji wa mazingira vimekuwa vingi, ndani na nje ya Kanisa. Kumbukizi ya miaka kumi ya Waraka wa Laudato si', iliyoadhimishwa mwaka 2025, imeongeza ari katika matawi ya TYCS shuleni, TMCS vyuoni, na katika klabu za mazingira ambazo wanachama wake ni Wakatoliki, Walutheri na Waislamu kwa pamoja. Kuna bustani za mchicha nyuma ya mabweni, vitalu vya miche kando ya visima, na matangi yaliyonunuliwa kwa michango ya mia tano mia tano. Ni matendo mema. Hata hivyo, yeyote aliyekaa karibu na shule kwa miaka kumi ameona pia upande wa pili: ubao uliopauka unaotangaza mradi, na nyuma yake hakuna mradi.

Mara nyingi lawama huwaangukia vijana. Husemwa kwamba wanapenda fulana na picha, kwamba wanatafuta vyeti vya kuombea ufadhili, kwamba hawana uvumilivu. Wapo wa namna hiyo, kama walivyopo miongoni mwetu sisi wakubwa. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Kwa maoni yangu wanafunzi hawana upungufu wa ari. Wanakosa vitu viwili ambavyo mwanafunzi kwa asili yake hawezi kuwa navyo, yaani muda mrefu na mali. Na kile kimoja walicho nacho, yaani uamuzi juu ya kazi yao, sisi huwapokonya.

Jembe la adhabu

Tuanze na hili la uamuzi, maana lina historia ndefu. Sisi tuliosoma shule za bweni tunakumbuka vizuri jinsi mwalimu wa zamu alivyogawa kazi. Aliyechelewa mstarini alipewa jembe. Aliyeongea lugha isiyoruhusiwa alipimiwa hatua za kulima, aliyetoroka alifyeka uwanja mzima. Ambaye hakukosea alibaki darasani na kitabu chake. Somo hilo halikuandikwa katika mtaala wowote, lakini hakuna aliyelisahau: shamba ni mahali wanapopelekwa wenye hatia. Baadaye tunashangaa kijana aliyemaliza kidato cha nne anapoona haya kurudi shambani kwa babu yake.

Jambo hilohilo ndilo lililowasukuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, mwaka 2006. Miongoni mwao alikuwa Edward Mukiibi, mwanafunzi wa kilimo aliyekulia katika familia ya wakulima. Katika shule za Uganda, kama za kwetu, kilimo kilikuwa adhabu. Yeye na wenzake walianzisha mradi ulioitwa DISC, wakaanza kuweka bustani katika shule za eneo la Mukono. Watoto wakapanda mazao ya kienyeji, wakahifadhi mbegu, wakapika walichovuna na kujifunza majina ya mboga ambazo bibi zao walizijua na mama zao wamezisahau. Mradi ukaungana na vuguvugu la kimataifa la Slow Food, na mwezi Julai 2022 Mukiibi akachaguliwa kuwa rais wake, akichukua nafasi ya mwanzilishi wake, Carlo Petrini wa Italia.

Kwa waamini, jina la Petrini si geni kabisa. Ni mtu ambaye mwenyewe amesema kwamba si mwamini, na bado akawa rafiki wa Papa Francisko. Mazungumzo yao yalichapishwa mwaka 2020 katika kitabu TerraFutura. Pamoja na Askofu Domenico Pompili, aliyekuwa wakati huo Askofu wa Rieti, Petrini alianzisha Jumuiya za Laudato si' nchini Italia. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kushirikiana na watu wasiosali pamoja nasi katika mambo ya ardhi na chakula ni kuupunguza utume wa Kanisa. Papa hakudhani hivyo.

Lakini Tanzania haikuhitaji kusubiri wazo hilo litoke Kampala. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi hukumbuka kwamba lilidai kila shule iwe na shamba. Wachache hukumbuka sehemu yake iliyo muhimu zaidi. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba, waweke kumbukumbu za mapato na matumizi, waone faida na hasara kwa macho yao, na washirikishwe katika kuamua matumizi ya kile kilichopatikana. Shamba lilikusudiwa kuwa darasa la uraia. Katika shule nyingi, shamba likabaki na uamuzi ukaondoka. Mwanafunzi akalima, walimu wakapanga, mazao yakaenda asikojua. Kilichosalia kilikuwa kazi ya mikono bila akili ya mwenye mikono, na haikuchukua muda kikageuka kuwa adhabu.

Mafundisho jamii ya Kanisa yana jina la kanuni iliyovunjwa hapo: kanuni ya auni. Papa Pio XI aliifafanua mwaka 1931 katika Waraka wake Quadragesimo anno. Kwa ufupi inafundisha kwamba jambo ambalo mtu mmoja au kundi dogo linaweza kulifanya kwa uwezo wake, ni kosa kwa chombo kikubwa kulichukua. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo atimize lililo lake. Tumezoea kuitumia kanuni hii tunapozungumzia serikali na raia. Ni nadra kuisikia ikitumika kati ya Paroko na TYCS, au kati ya bodi ya shule na klabu ya mazingira, ingawa hapo ndipo watoto wetu hujifunza kama kanuni ni kitu cha kuishi au cha kukariri.

Jiko la Ruiru

Upande wa chakula una mfano ambao ningependa kila mlezi wa wanafunzi aujue. Mwaka 2012 msichana Mkenya, Wawira Njiru, alikuwa akisomea lishe katika Chuo Kikuu cha Australia Kusini, jijini Adelaide. Aliandaa chakula cha jioni cha Kikenya kwa ajili ya rafiki zake, akakusanya fedha kidogo, na kwa fedha hizo akaanzisha jiko huko Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, karibu na nyumbani kwa mama yake. Jiko hilo lilianza kwa kulisha watoto 25 wa shule.

Mpaka hapo hadithi hii inafanana na nyingine nyingi, na nyingi huishia papo hapo. Mwanafunzi hurudi chuoni, fedha huisha, sufuria hugawiwa majirani. Kilichotokea Ruiru ni tofauti kwa sababu jiko lilitafutiwa wenyewe. Shirika lililozaliwa pale, Food4Education, lilikuwa hatua kwa hatua, na mwezi Juni 2023 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilizindua mpango wa Dishi na County kwa kushirikiana nalo. Majiko makubwa yamejengwa, na mtoto hulipia mlo kwa kugusisha mkanda wa mkononi kwenye kifaa kidogo. Mzazi huchangia shilingi tano za Kenya kwa mlo mmoja. Gharama inayobaki hubebwa na kaunti na shirika. Sasa watoto wanaokula kwa siku wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Mtu anaweza kuwa na maswali juu ya mpango huo, hasa juu ya nini kitatokea siku viongozi wa kaunti watakapobadilika. Ni maswali halali. Ila tutazame muundo wake. Wazo ni la mwanafunzi. Mzazi ana senti yake ndani, kwa hiyo ana sauti. Serikali ya mahali imebeba sehemu ambayo mwanafunzi asingeweza kuibeba kamwe. Hakuna aliyemwambia yule msichana wa lishe kwamba wazo lake ni zuri lakini sasa akae pembeni, wakubwa wamefika.

Huku kwetu tuna nafasi ya kufanya jambo linalofanana na hilo bila kuvuka bahari. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Seminari zetu ndogo na shule zetu za bweni zimo katika agizo hilo. Ni shule ngapi zimewauliza wanafunzi wa kidato cha tano, wanaosoma fizikia na kemia, wapime kuni zinazoteketea kwa wiki kwenye jiko lao na kupiga hesabu ya gesi au jiko sanifu? Kazi hiyo ingefanyika kwa mizani na daftari. Badala yake jiko jipya hushushwa kutoka kwenye lori, na wanafunzi huitwa kulisukuma.

Kalenda ya chuo na kalenda ya mvua

Sasa tuje kwenye muda, jambo ambalo sijaona likisemwa kwa uwazi unaostahili.

Chukua kanda ya kati, Dodoma na jirani zake. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili. Kwa mwaka hupatikana milimita 550 hadi 600 hivi, na miezi inayobaki ni ukavu. Vyuo vikuu hufunga likizo ndefu karibu Julai, na wanafunzi hurudi Oktoba au Novemba. Shule za msingi na sekondari hufunga mwezi Juni na Desemba. Weka kalenda hizo juu ya kalenda ya mvua, utaona kwamba wanafunzi wa chuo huondoka wakati hasa ambapo mche uliopandwa Februari unaanza kuhitaji mkono wa mtu. Mche haufi siku unapopandwa mbele ya mgeni rasmi. Hufa Agosti, bweni likiwa tupu na mlinzi akiwa hana maagizo yoyote juu yake.

Siku tulizozichagua kwa ajili ya mazingira nazo hazitusaidii sana. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoadhimishwa na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, huanza tarehe 1 Septemba na kukamilika tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Francisko wa Assisi. Bukoba, Moshi na katika nyanda za kati za Kenya, ambako mvua za vuli hukaribia, kupanda miti mwishoni mwa kipindi hicho kunaeleweka. Dodoma na Singida, Septemba ni vumbi. Bado nimeona miche ikichimbiwa ardhini mwezi huo kwa nyimbo na vigelegele, kwa sababu barua ya maadhimisho ilisema ni wakati wake. Hakuna liturujia inayolazimisha jambo hilo. Katika maeneo makavu Kipindi cha Kazi ya Uumbaji kingefaa kuwa wakati wa kutayarisha vitalu, kusafisha visima na kutengeneza matangi, na kupanda kungojee majuma yanayozunguka Noeli na Epifania, udongo ukiwa umelowa. Wakati huo wanafunzi wa shule wako nyumbani, mikononi mwa wazazi na Jumuiya Ndogo Ndogo. Hilo lingeweza kuwa heri: mti upandwe pale utakapoishi, na watu watakaobaki nao.

Tufanye na hesabu kidogo, maana ari bila hesabu ndiyo inayojaza mbao zilizopauka. Tuseme mche mmoja hupewa lita 10 kwa wiki katika ukavu, kwa wiki 20. Ni lita 200. Simtanki la lita 10,000, likijaa mwisho wa mvua na lisitumike kwa kitu kingine chochote, litaivusha miche 50. Kikundi chenye tangi moja kama hilo kinachopanda miche 500 kimepanga mapema vifo vya miche 450, hata kama hakikukusudia. Ni afadhali mno kupanda hamsini.

Zipo njia nyingine za kupatana na uhaba wa muda na maji. Mkoani Dodoma wakulima wengi wamejifunza njia iitwayo Kisiki Hai. Badala ya kuleta mche mgeni, mkulima huchagua visiki vya miti ya asili ambavyo bado vina uhai chini ya ardhi, huacha machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine na kuyalinda yasiliwe na mifugo. Mizizi ya mti huo tayari imeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo hauhitaji kumwagiliwa. Mbinu ya namna hii ilienezwa nchini Niger katika miaka ya 1980 na mtaalamu Tony Rinaudo wa Australia. Kwa mwanafunzi ambaye ana muhula mmoja tu wa kufanya kazi kijijini, kufundishwa kupogoa visiki 30 vya mti wa asili kuna matunda kuliko kugawiwa miche 300. Lakini kisiki hakina sherehe. Hakipandwi, hakina utepe wa kukata, na mgeni rasmi hajui asimame wapi.

Paa la kanisa

Kuhusu mali, wanafunzi hawana ardhi, hawana paa, hawana akaunti inayodumu kupita uongozi wa mwaka mmoja. Parokia inavyo vyote vitatu.

Maji yanatuonyesha hili vizuri. Waraka wa Laudato si', katika namba 30, unafundisha kwamba kupata maji safi na salama ya kunywa ni haki msingi ya binadamu, maana uhai wa watu unayategemea. Mafundisho hayo huwa mazito zaidi bomba linapokauka. Mwishoni mwa Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, uzalishaji wa maji kwa ajili ya Dar es Salaam ulipungua kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300, na mgao ukatangazwa katika jiji kubwa kuliko yote nchini. Wakati huohuo wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia walikuwa katika ukame wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua. Haya yote yameonekana na vijana wetu kwa macho, na si ajabu kwamba wanayazungumza kwa ukali ambao sisi hatukuwa nao.

Milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kanisa la parokia lenye paa la mita za mraba 500, mahali penye mvua ya milimita 550 kwa mwaka, hupokea lita 275,000. Ukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 220,000, sawa na madumu 11,000 ya lita ishirini. Kwa miaka mingi maji hayo yamekuwa yakichimba msingi wa sakristia na kutiririka kwenda barabarani. Jumapili ileile, mama aliyekaa benchi la nyuma amekwisha kununua dumu lake asubuhi kabla ya kuja kwenye Misa.

Hapa ndipo wanafunzi na parokia wanapohitajiana. Kupima paa, kupiga hesabu ya mvua ya mwezi hadi mwezi, kuchora mahali pa gata na tangi, kupanga nani achote na kwa utaratibu gani ili wajane na wazee wasisukumwe: hizo ni kazi ambazo kikundi cha TYCS cha kidato cha tatu kinaweza kuzifanya vizuri. Kununua bati, kumlipa fundi, kulilinda tangi wakati wa likizo na kulipa ankara ni kazi za watu wazima. UWAKA wana mafundi. WAWATA wana uzoefu wa kukusanya fedha na kuzitunza ambao vyama vingi vingeuonea wivu. VIWAWA hawaendi likizo.

Namba 219 ya Waraka huohuo inatahadharisha kwamba wema wa mtu mmoja mmoja hautoshi mbele ya matatizo makubwa ya kijamii; yanadai mtandao wa jumuiya, na wongofu wa kiikolojia unaodumu ni wongofu wa jumuiya nzima. Mara nyingi tumewasomea vijana maneno ya Papa Francisko kuhusu matendo madogo ya kila siku, kuzima taa na kutotupa chakula, yaliyo katika namba 211. Sisi wenyewe tumeikwepa hiyo 219, kwa kuwa inatudai sisi.

Wanapouliza

Kuna jambo moja zaidi, nalo si la kupendeza. Mwezi Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa jijini Kampala walipokuwa wakiandamana kwenda ofisi za Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio la Bunge la Ulaya lililohoji mradi wa bomba la mafuta ghafi, linalotoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, umbali wa kilomita 1,443. Walifikishwa mahakamani. Waamini wema wanatofautiana juu ya bomba hilo: wapo wanaoliona kuwa ajira na mapato, na wapo wanaohofia ardhi na vyanzo vya maji linakopita. Silengi kuamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba kijana aliyefundishwa kupima maji ya kisima cha shule siku moja atauliza juu ya maji ya mto, na siku nyingine juu ya mkataba. Huwezi kumfundisha la kwanza ukamkataza la pili na bado ukadai kwamba ulikuwa unamlea.

Tunawapenda vijana wanaposhika ufagio. Wanapouliza kwa nini taka zinarudi kila Jumatatu, na ni za nani, baadhi yetu huanza kusema kwamba wamekosa adabu. Wengine huja na hoja ya mitihani, kwamba kidato cha nne hakina nafasi ya bustani. Hoja hiyo ina uzito kwa mzazi anayelipa ada kwa kuuza ng'ombe, na mlezi asiidharau. Apange saa mbili za juma, azilinde zisiwe nne, na wakati wa mitihani awaachie watu wa parokia kumwagilia.

Wangari Maathai, aliyelelewa na Masista Wakonsolata katika shule ya Mtakatifu Sesilia, Mathari, Nyeri, na ambaye huko alikuwa mwana Legio Maria, alipanda miti saba ya kwanza ya vuguvugu lake tarehe 5 Juni 1977 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi kati ya saba hiyo haikuishi. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilisimama kwa sababu baadaye kazi ilikabidhiwa kwa wanawake wa vijijini, waliokuwa wakiishi palepale miche ilipokuwa, na ambao walilipwa kiasi kidogo kwa mche uliopona, si kwa mche uliochimbiwa. Miaka 27 baadaye, mwaka 2004, akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kwa parokia inayotaka kuanza, kikao cha Halmashauri ya Walei cha Septemba au Oktoba kinatosha kuliweka jambo hili mezani: paa lina ukubwa gani, gata zimetoboka wapi, funguo za koki atashika nani, Jumuiya ipi itashika zamu ya Julai na ipi ya Agosti, na wanafunzi wameamua kupanda nini na miche mingapi. Taarifa hiyo ya mwisho waisome wao wenyewe, katika ajenda kamili, kabla ya kufika kwenye mengineyo.